Jiwe Lililobaki Nje ya Kanisa: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapa picha ya nguzo ya jiwe iliyokatika, imesimama juu ya ngazi tatu katika uwanja wa kanisa la kijiji huko Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Chini yake tuliandika tu: "Msalaba, karne ya 15." Barua zilizokuja zinaonyesha kwamba maneno hayo hayakutosha.

SWALI: Pichani naona ngazi, naona jiwe la chini na nguzo, lakini msalaba wenyewe siuoni. Na kama ni kaburi, mbona halina jina wala tarehe? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Halina jina kwa sababu si kaburi la mtu mmoja. Ni msalaba wa parokia nzima, na ulichokiona ni kiwiliwili kilichopoteza kichwa. Katika zama za kati mtu wa kawaida wa Uingereza alizikwa kwa sanda, bila jiwe la kichwani. Ardhi ya makaburi ilitumika tena na tena. Mchimba kaburi akikuta mifupa ya waliotangulia, aliikusanya ikawekwa kando au katika chumba cha mifupa. Mawe yenye majina yanayojaa viwanja hivyo leo mengi ni ya karne ya 17 kuja huku. Kabla ya hapo wafu wa kijiji walikuwa na alama moja tu ya pamoja, nayo ndiyo hiyo.

Inakadiriwa kwamba Uingereza iliwahi kuwa na misalaba ya kusimama zaidi ya 12,000, ukihesabu ya viwanja vya makanisa, ya masoko, ya njiani na ya mipakani. Iliyosalia haifiki 2,000, na hapo umehesabu pamoja na isiyo na vichwa. Kwa hiyo picha ile haikuwa ya msalaba ulioharibika kuliko mingine. Hivyo ndivyo mingi ilivyo.

SWALI: Mimi ni katekista. Kigangoni kwetu tuna msalaba mkubwa wa zege nje, ila tangu tuusimike ni kuupita tu tukiingia ndani. Hao wa zamani waliutumia kwa kazi gani hasa? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Mwalimu, kazi yake kubwa ilikuwa ya siku moja kwa mwaka, Jumapili ya Matawi, na ukiifuata ibada ya siku hiyo hatua kwa hatua utaona kwa nini msalaba ulihitaji ngazi.

Sehemu kubwa ya kusini mwa Uingereza ilifuata utaratibu wa ibada wa Salisbury mpaka katikati ya karne ya 16. Matawi yalibarikiwa ndani ya kanisa. Mitende kule haioti, kwa hiyo walitumia mierebi, ile ile ya Walawi 23, pamoja na matawi ya mti wa kijani kibichi usiopukutisha majani wakati wa baridi, ambao hadi leo umejaa kwenye makaburi ya vijijini. Waliyaita mitende vivyo hivyo, na hakuna aliyenung'unika.

Kisha watu walitoka na matawi yao, mbele yao ukitangulia msalaba wa mbao uliopakwa rangi, usio na sanamu ya Bwana. Walikwenda mpaka kwenye msalaba wa jiwe, wakasimama. Hapo ikasomwa Injili ya kuingia Yerusalemu, Mathayo 21. Wakati huo huo andamano la pili lilikuwa likiandaliwa. Makarani wawili waliovaa majoho ya sherehe walibeba mabegani, kwa miti miwili, sanduku lenye Ekaristi na masalia ya watakatifu, juu yake kimetandazwa kitambaa cha hariri, mbele yake taa na msalaba usiofunikwa. Injili ilipokwisha, maandamano hayo mawili yalikutana kwenye jiwe. Ule msalaba mtupu wa mbao uliondolewa, watu wakapiga magoti na kubusu ardhi.

Hapo ndipo penye siri ya mahali. Kundi la kwanza lilitoka na unabii, la pili likaja na Bwana mwenyewe, na jiwe likawa lango la Yerusalemu. Andamano lisilo na kituo huishia kuwa matembezi, na mkutano wa makundi mawili hauwezekani bila alama ambayo kila mtu anaiona toka mbali. Ngazi zilimwinua msomaji juu ya vichwa vya watu, katika uwanja uliojaa vifusi vya makaburi.

Toka hapo walizunguka upande wa mashariki wa kanisa hadi kusini, ambako watoto waimbaji waliokuwa wamepandishwa mahali pa juu waliimba, wakimwaga maua na hosti zisizowekwa wakfu. Na watoto wenzao chini waliziokota kwa kusukumana. Kwenye mlango wa magharibi waliobeba sanduku waliliinua juu, watu wakapita chini yake. Katika parokia nyingi padre aligonga mlango kwa kitako cha msalaba wa maandamano ndipo ukafunguliwa. Ndani, pazia lililofunika msalaba mkuu kipindi chote cha Kwaresima lilivutwa juu.

Jambo moja la kuzingatia: utaratibu wa Salisbury uliweka kituo cha kwanza upande wa kaskazini, lakini misalaba mingi iliyosalia iko kusini, karibu na ukumbi wa mlango. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya kanisa kuu lenye nafasi pande zote. Parokia za vijijini zilikipinda kitabu kufuata uwanja wao, na kusini ndiko watu walikopita na ndiko walikopendelea kuzikwa.

SWALI: Nimesikia kwamba kwenye misalaba hiyo watu waliuza ng'ombe na kuadhibiwa pia. Ni kweli, au ni maneno ya watembeza wageni? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ni kweli, ila usichanganye msalaba wa kanisa na msalaba wa soko. Siku ya Jumapili watu wote walikuwa mahali pamoja, na mwenye ndoo ya siagi ya kuuza hakuona sababu ya kusubiri Jumatatu. Biashara ilikua mpaka mwaka 1285 Mfalme Edward I, kwa Sheria ya Winchester, akakataza minada na masoko katika viwanja vya makanisa. Soko likahamia barabarani, likajijengea msalaba wake. Ndiyo maana miji mingi ina miwili.

Matangazo yalibaki. Kilichosomwa kwa sauti nje ya kanisa baada ya misa kilihesabiwa kuwa kimefika kwa kila mtu. Mahubiri ya nje vilevile. Mahali maarufu kuliko pote palikuwa msalaba wa St Paul jijini London, katika uwanja wa kanisa kuu. Tarehe 12 Mei 1521 Askofu John Fisher alihubiri hapo dhidi ya Martin Luther, mbele ya Kardinali Wolsey, na vitabu vya Luther vikachomwa moto.

Kuhusu adhabu, mahakama ya kanisa ilimhukumu mzinzi, kwa mfano, kutembea mbele ya andamano la Jumapili peku, kichwa wazi, amevaa shati la ndani tu na kushika mshumaa. Mwingine alichapwa akizungushwa uwanja. Na mkimbizi aliyefika katika eneo takatifu hakukamatwa. Alikuwa na siku 40, kisha ama ajitoe kwa sheria, ama aape mbele ya ofisa wa mfalme kwamba anaondoka nchini asirudi.

SWALI: Karibu na ninapoishi kuna kanisa la zamani. Kwenye nyasi limezama jiwe la mraba lenye tundu katikati. Mzee mmoja wa kanisa anasema ni la msalaba, mwingine anasema ni la kisima cha ubatizo. Nitajuaje? (Msomaji, Reading, Uingereza)

JIBU: Anza na tundu. Kisima cha ubatizo kina kitobo chembamba cha kutolea maji, nacho hupenya mpaka chini. Bakuli lake ni pana na mviringo kwa ndani. Jiwe la kitako cha msalaba lina tundu la mraba, kuta zake zimenyooka, upana mara nyingi sentimita 25 hadi 35. Ingiza vidole ukutani mwa tundu. Ukigusa mabaki ya risasi, yale madini laini ya kijivu yanayokwaruzika kwa kucha, mjadala umekwisha: hapo ilisimamishwa nguzo.

Kisha tazama pembe za jiwe. Waashi wa karne ya 14 na 15 walipenda kuanza na mraba chini na kuishia na pembe nane juu. Kwenye kila pembe utaona mteremko uliochongwa kama kabari, unaolipeleka jiwe toka umbo moja hadi jingine. Nguzo nayo hufanya vivyo hivyo. Chini ni mraba ili ikae kwenye tundu, halafu pembe hukatwa nayo ikapanda na pande nane ikizidi kuwa nyembamba. Jiwe lenye pembe kali tupu linaweza kuwa kitako cha kaburi la karne ya 19, hasa kama tundu lake ni refu na jembamba, maana hilo ni la kupokea bamba na si nguzo.

Chunguza pia uso wa magharibi. Katika kaunti ya Herefordshire vitako kadhaa vina kishubaka kilichochongwa ubavuni, chenye tao dogo juu, mfano wa zile zidaka za nyumba za zamani za Lamu lakini kimoja tu. Alfred Watkins wa Hereford, aliyeipiga picha na kuichunguza misalaba ya kaunti hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, alivihusisha vishubaka hivyo na kuweka Ekaristi siku ya Matawi. Jiwe likiwa na kishubaka, usiruhusu mtu aliite la ubatizo.

Mwisho, pima umbali na uelekeo kutoka mlango wa kusini kwa futi ya mkanda na dira, chora mchoro wa kipimo cha 1:10, na upige picha jioni wakati jua limelala, au usiku kwa tochi iliyowekwa ubavuni. Mwanga wa mbele unafuta kila kitu. Usipake chaki kwenye michongo, wala usilaze karatasi na kuisugua kwa nta. Jiwe laini linaondoka na karatasi. Na usichimbe kuzunguka. Hapo pana makaburi.

SWALI: Mimi ni mwashi. Hawa hawakuwa na saruji wala nondo. Nguzo ndefu hivyo ilisimamaje miaka 600? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Fundi, ilisimama kwa uzito, kwa ulimi na kwa risasi.

Hesabu kwanza. Kitako cha sentimita 80 kwa 80, kimo 50, ni theluthi ya mita ya ujazo. Kwa mawe ya chokaa ya Gloucestershire hiyo ni karibu kilo 700. Nguzo ya mita 2.4, yenye sentimita 30 chini na 20 juu, ni karibu kilo 300. Kitako kinakaa juu ya ngazi za mawe makubwa, zilizojazwa kifusi na chokaa katikati. Upepo peke yake hausumbui kitu kama hicho.

Ncha ya chini ya nguzo huchongwa ulimi ulio mdogo kidogo kuliko tundu. Nguzo inateremshwa, inashikwa kwa kabari, inanyooshwa kwa timazi kutoka pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Kuangalia upande mmoja hakutoshi, kama unavyojua. Halafu nafasi iliyobaki inajazwa risasi iliyoyeyuka. Mdomo wa tundu unazungushiwa ukingo wa udongo wa mfinyanzi wenye sehemu moja ya kumiminia.

Sasa hapa ndipo watu walipoungua. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Tundu likiwa na unyevu, hata kijiko kimoja cha maji, maji hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi usoni mwa fundi. Lazima tundu likauke kabisa, na likipashwa moto kidogo ni bora zaidi, maana jiwe baridi huigandisha risasi kabla haijafika chini. Ikishapoa, risasi hunywea ikaacha mwanya mwembamba, kwa hiyo inagongwa kwa tindo butu pande zote mpaka izibe. Kwa nini risasi? Haishiki kutu, haipitishi maji, na ni laini. Jiwe likicheza kidogo, nayo inajipinda badala ya kulipasua. Saruji hainyumbuki hivyo.

Udhaifu uko sehemu mbili. Ya kwanza ni shingo, pale kichwa kinapokutana na nguzo, ambapo mara nyingi walitia kipande cha chuma. Maji yakipenya, chuma hushika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe. Jiwe linapasuka kwa ndani bila mtu kuligusa. Ya pili ni tabaka. Jiwe la chokaa au la mchanga hulala tabaka juu ya tabaka ardhini, na ukutani fundi hulilaza vilevile. Lakini tabaka nene za kutosha kutoa nguzo ya mita mbili na nusu ni adimu, kwa hiyo nguzo ilikatwa kwa ulalo kisha ikasimamishwa, na tabaka zikawa wima kama kurasa za kitabu kilichosimamishwa rafuni. Baridi ikigandisha maji kati ya kurasa hizo, uso unabanduka vipande vipande.

SWALI: Nani alivivunja vichwa? Vita? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Sheria kwanza, nyundo baadaye. Mwezi Januari 1548, chini ya mfalme kijana Edward VI, baraza la serikali lilipiga marufuku mishumaa ya Februari, majivu ya Kwaresima na matawi. Kwa tangazo moja msalaba wa uwanjani ukakosa kazi. Malkia Mary aliyarudisha maandamano mwaka 1553, dada yake Elizabeth akayaondoa tena tangu 1559. Kisha, katikati ya vita kati ya Bunge na Mfalme Charles I, Bunge lilitoa amri tarehe 28 Agosti 1643 ya kuondoa sanamu, na humo ikatajwa pia misalaba iliyo mahali pa wazi.

Walilenga kichwa kwa sababu ndicho kilichobeba sanamu. Kichwa cha karne ya 15 mara nyingi kilichongwa mfano wa taa ya kandili, chenye vishubaka pande nne: Bwana msalabani upande mmoja, Mama na Mtoto upande wa pili, na watakatifu kwenye pande zilizobaki. Nguzo haikuwa na sura ya mtu, basi kuiangusha ilikuwa kazi bure. Wenyeji wengi wakaona afadhali kuibakiza. Wengine wakaweka kipimasaa cha jua juu yake, na ukikuta leo kijiwe cha mraba chenye mistari ya saa juu ya nguzo ya zama za kati, ujue kimekalia kiti cha mwingine.

Wapo waliokificha kichwa. Huko Ampney Crucis, Gloucestershire, kichwa cha msalaba kilikutwa katikati ya karne ya 19 kimejengewa ndani ya ukuta wa kanisa, kikarudishwa juu ya nguzo yake. Kina askari aliyevaa deraya za mwanzo wa karne ya 15, na mtindo wa deraya hizo ndio umesaidia kukadiria umri wake. Huko Ruthwell, kusini mwa Scotland, mkutano mkuu wa kanisa uliamuru mwaka 1640 minara yote ya sanamu ivunjwe, na msalaba wa zamani sana uliokuwa hapo ukavunjwa 1642. Vipande vilikusanywa na mchungaji Henry Duncan mwanzoni mwa karne ya 19, na tangu 1887 umo ndani ya kanisa, urefu wake karibu mita 5.5.

SWALI: Kanisa letu hapa ni la Kianglikana na lina msalaba kama huo. Tunataka kuusafisha na kuziba nyufa kabla ya Pasaka. Nimejitolea. Mume wangu ana mashine ya kuoshea kwa presha, na mfuko wa saruji tunao. (Msomaji, Leicester, Uingereza)

JIBU: Dada, mashine irudi stoo na mfuko ufungwe. Tunasema hivyo kwa heshima zote, na kwa haraka.

Kwanza kibali. Kazi ya namna hiyo kwenye msalaba wa uwanja wa kanisa la Anglikana inahitaji kibali cha dayosisi, kinachotolewa na hakimu wake aitwaye chansela baada ya kamati ya ushauri kutoa maoni. Ikiwa msalaba umeorodheshwa pia kama mnara wa kale chini ya sheria ya mwaka 1979, kibali cha dayosisi peke yake hakitoshi: kinatakiwa na cha waziri, ambacho huombwa kupitia shirika la Historic England. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wamezoea kwamba jengo la kanisa lina msamaha wake wa vibali vya serikali, wakadhani msamaha huo unafika na hapa. Haufiki, na kugusa bila kibali ni kosa la jinai. Majina yote ya minara na majengo hayo yamo katika orodha ya taifa, ambayo inatafutwa bure kwenye intaneti. Vibali huchukua miezi, kwa hiyo sahauni Pasaka hii.

Pili, uchafu. Yale madoa ya kijivu, meupe na ya rangi ya chungwa ni likeni, viumbe hai vinavyokua milimita chache tu kwa mwaka. Viwanja vya makanisa ni miongoni mwa mahali pao bora Uingereza nzima. Si uchafu, na mara nyingi haviharibu jiwe kama inavyodhaniwa. Presha ya maji hung'oa ngozi ngumu ya juu ya jiwe, na chini yake ni unga. Brashi ya waya huacha nywele za chuma zinazoota kutu. Dawa ya kufulia nguo nyeupe huacha chumvi ndani ya jiwe, nayo ikikauka inakua kama fuwele na kusukuma uso utoke. Kinachokubalika kabla ya kibali ni kufyeka nyasi kwa mkono kuzunguka ngazi, maana mashine ya kufyekea yenye kamba huzikwangua ngazi kila wiki.

Tatu, nyufa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipumui. Maji yaliyoingia hayatoki kwenye kiungo, hutokea kwenye jiwe lenyewe, na wakati wa baridi jiwe ndilo linalomomonyoka huku saruji imebaki imechomoza kama fremu. Pengine umeshaiona kwenye msalaba wenu. Mota inayofaa ni ya chokaa. Mpate fundi wa mawe ya kale, na mjue cha kumuuliza ili asiwauzie mbuzi kwenye gunia. Atumie chokaa asilia inayoganda kwa maji, ya daraja la 2 au 3.5, sehemu moja kwa mbili na nusu za mchanga mkali wenye punje za ukubwa tofauti. Mota ya zamani ichimbuliwe kwa mkono, bila msumeno wa umeme, kina mara mbili ya upana wa kiungo. Kiungo kilowanishwe kabla, maana jiwe kavu hunyonya maji ya mota ikabaki vumbi. Mota ikishakaza kiasi cha kutoshika alama ya kidole gumba, ipigwe kwa brashi ngumu, kisha ifunikwe na magunia yaliyolowanishwa kwa muda wa wiki moja. Joto likiwa chini ya nyuzi 5, kazi isimame. Akiwaambia kwamba anaweza kuifanya Desemba, mshukuruni, mtafute mwingine.

Na nguzo ikiwa inacheza ukiisukuma kwa mkono, usiisukume mara ya pili. Zungusheni kamba, watoto wasipande, mwiteni mhandisi. Kilo 300 haziangukii mtu mara mbili.

SWALI: Mnara wa Vasco da Gama pale Malindi nao una msalaba wa jiwe juu. Ni ukoo mmoja? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Hapana. Ule ni alama ya Wareno ya kudai njia na kutangaza mfalme wao. Msalaba wake ni wa jiwe la chokaa lililotoka Lisbon, wenye nembo ya Ureno, na mnara mweupe wa matumbawe unaoushikilia ni wa baadaye. Haukuwa na parokia, wala andamano lililoishia kwake.

Ndugu wa kweli ukitaka kumwona huku kwetu, nenda makaburi ya vita ya Nairobi au ya Dar es Salaam. Ule msalaba mrefu wenye upanga wa shaba nyeusi ukielekeza ncha chini ulibuniwa na Reginald Blomfield kwa ajili ya makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na huwekwa katika makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenye wafu 40 au zaidi. Tazama nguzo: pande nane. Tazama kitako na ngazi: pande nane. Miaka ile ile, huko Uingereza kwenyewe, vijiji vingi vilichukua visiki vyao vya zama za kati, vikavitia vichwa vipya na kuchonga chini majina ya vijana wasiorudi.

SWALI: Nitakuwa Uingereza kwa wiki moja mwezi Machi. Niende kuona upi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Machi ni mwezi mzuri, jua bado liko chini na nyasi hazijapanda. Ukiwa na siku moja tu, nenda Ampney Crucis, kisha Cricklade jirani yake katika Wiltshire, ambako uwanja wa kanisa la St Mary una msalaba wenye kichwa cha kandili. Ukiwa upande wa Bristol, usikose Iron Acton, wa mapambo mengi kuliko kawaida, chini yake kuna matao manne na ndani yake anaweza kusimama mtu. Bitterley, karibu na Ludlow, ni mwembamba na mzuri zaidi kwa macho yetu, ingawa sura zimelika.

Ukifika kaskazini, Cumbria, hapo umri unabadilika. Nguzo ya Bewcastle ina karibu mita 4.4, ni ya karne ya 7 au ya 8, imesimama pale pale iliposimikwa, bila kichwa. Wa Gosforth, wa karne ya 10, una kichwa chake, na kwenye jiwe lake jekundu Bwana msalabani yuko pamoja na miungu ya Waskandinavia. Mtafute Loki, mmoja wa miungu hiyo, aliyefungwa, na mkewe anayekinga sumu ya nyoka kwa bakuli. Yuko chini upande wa magharibi, kwa hiyo fika alasiri. Asubuhi upande huo una kivuli na hutaona kitu.